JINA LA ZAO NI MALI YA NANI? DIVAI YA CHIANTI, ZABIBU ZA DODOMA NA PAMBA YA SIMIYU

Katika uchumi wa kibepari kila chenye thamani hugeuzwa kuwa bidhaa. Ardhi hugeuzwa bidhaa, nguvu ya mfanyakazi hugeuzwa bidhaa, na hata jina la mahali hugeuzwa bidhaa. Chupa ya divai nyekundu yenye neno Chianti haiuzwi kwa sababu ya maji ya zabibu yaliyomo peke yake. Inauzwa pia kwa sababu ya vilima vilivyoko kati ya miji ya Firenze na Siena, nchini Italia. Jina la vilima hivyo linalindwa na sheria, na asiyelima huko haruhusiwi kulitumia.

Kwa upande mwingine, robota la pamba linaloondoka Bariadi halibebi jina la Bariadi. Likishapita katika kiwanda cha kuchambulia, likashindiliwa na kupelekwa bandarini, huwa ni pamba ya Tanzania tu, na bei yake hujadiliwa kwa kutazama faharasa ya Liverpool. Mkulima wa Ntuzu aliyepalilia mara tatu, akachuma kwa mkono na kutenga pamba safi na fifi, hana alama yoyote ya kumtambulisha katika soko la dunia.

Tofauti hii haikuletwa na udongo wala hali ya hewa. Imeletwa na historia, yaani mapambano ya matabaka juu ya mali. Makala haya yanachunguza historia hiyo kwa kuuliza maswali matatu ambayo kila kada anayefanya kazi na wakulima hana budi kuyajua: Ardhi ni ya nani? Mizani iko mkononi mwa nani? Na jina la zao linamilikiwa na nani? Hatuchunguzi divai kwa sababu ya kupenda ulevi. Tunaichunguza kwa sababu ndilo zao ambalo mabepari wa Ulaya walilitumia kwanza kujifunza namna ya kuligeuza jina la mahali kuwa mali.

I. CHIANTI: JINA LILILINDWA, MKULIMA HAKULINDWA

Tarehe 24 Septemba 1716, Cosimo III wa ukoo wa Medici, mtawala wa Toscana, alitoa tangazo la kuweka mipaka ya sehemu nne zilizoruhusiwa kuuza divai kwa majina yake: Chianti, Pomino, Carmignano na Bonde la Juu la mto Arno. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara. Divai ya Toscana ilikuwa inauzwa nje, hasa Uingereza, na wafanyabiashara walikuwa wanachanganya divai za ovyo na kuzipa majina yenye sifa. Tangazo lile hutajwa na wanahistoria kuwa miongoni mwa sheria za mwanzo kabisa duniani za kulinda asili ya zao.

Lakini tujiulize: lililindwa kwa manufaa ya nani? Ardhi ya Chianti ilikuwa mikononi mwa makabaila, yaani koo za kitajiri za Firenze na Siena pamoja na taasisi za Kanisa. Waliolima ni familia za wakulima chini ya mkataba ulioitwa mezzadria, neno lenye maana ya nusu kwa nusu. Kabaila alitoa shamba na nyumba. Familia ya mkulima ilitoa nguvu za wote, baba, mama na watoto. Mavuno yaligawanywa mara mbili. Msimamizi wa kabaila ndiye aliyekaa na daftari la hesabu, na mara nyingi daftari hilo lilionyesha kwamba mkulima anadaiwa. Hivyo, nusu iliyobaki kwa mkulima nayo ilikuwa na mlango wa kurudi kwa kabaila.

Karne ya 19 inatupa mfano ulio wazi zaidi. Bettino Ricasoli, bwana wa ngome ya Brolio, alikuwa Waziri Mkuu wa Italia mwaka 1861, na tena mwaka 1866. Mtu huyohuyo ndiye aliyefanya majaribio ya muda mrefu katika mashamba yake, na mwaka 1872 akaeleza kwa barua mchanganyiko wa zabibu aliouona bora: Sangiovese kwanza, kisha Canaiolo, na Malvasia kwa divai ya kunywewa mapema. Vitabu vya divai humsifu Ricasoli kama mgunduzi. Sisi hatupingi kwamba alikuwa hodari katika kilimo. Tunachosema ni kwamba aliyekuwa na dola, ardhi na jina alikuwa mtu mmoja au tabaka moja, na waliopogoa mizabibu ile hawakutajwa popote kwenye chupa.

Mwaka 1924 wenye mashamba na wazalishaji 33 walikutana katika mji mdogo wa Radda wakaunda umoja wa kulinda divai ya Chianti ya asili, wakachagua jogoo mweusi kuwa nembo yao. Mwaka 1932, wakati wa utawala wa Kifashisti, serikali ilipanua mipaka. Jina la Chianti likaruhusiwa katika maeneo saba ya Toscana, na vilima vya asili vikabaki kuwa eneo moja kati ya hayo saba, likipewa nyongeza ya neno Classico. Wafanyabiashara walifurahi, kwa kuwa sasa walikuwa na divai nyingi zaidi ya kuuza kwa jina lilelile. Hapa tunapata funzo la kwanza: anayechora mpaka ndiye anayegawa utajiri.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa Toscana, wakiongozwa na vyama vya wafanyakazi na vyama vya siasa vya mrengo wa kushoto, walipambana vikali. Mwaka 1946 serikali ilikubali kuongeza sehemu ya mkulima kutoka nusu hadi asilimia 53. Mwaka 1964 sheria ilipiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria na kupandisha sehemu ya mkulima hadi asilimia 58. Mwaka 1982 sheria nyingine ikaweka utaratibu wa kuigeuza mikataba iliyosalia kuwa ya kukodi ardhi. Lakini wakati haki hiyo inafika, vijana wengi walikuwa wamekwisha kimbilia viwandani. Nyumba za wakulima zilibaki tupu, na nyingi zikanunuliwa na matajiri wa mijini na wageni.

Sheria ya kitaifa ya majina ya asili ilipitishwa Italia mwaka 1963, Chianti ikaingizwa mwaka 1967, na mwaka 1984 ikapandishwa daraja la juu zaidi la ulinzi. Hata hivyo sheria peke yake haikuleta ubora. Kanuni za 1967 zililazimisha kutia zabibu nyeupe katika divai nyekundu na kuruhusu kiasi fulani cha divai kutoka nje ya eneo. Divai nyepesi ikajaa sokoni, bei ikaanguka, na baadhi ya wazalishaji waliotaka ubora wakaliacha jina lenyewe. Funzo la pili ni hili: jina likilindwa na ubora usilindwe, jina huliwa kutoka ndani kama mhindi uliobunguliwa.

II. MABEBERU NA SHERIA ZA MAJINA

Nchi za Ulaya hazikuishia katika sheria zao za ndani. Mkataba wa Paris wa 1883 na ule wa Madrid wa 1891 ilianza kugusa suala la alama za uongo za asili ya bidhaa. Ufaransa iliweka mfumo wake wa majina ya asili mwaka 1935. Mkataba wa Lisbon ukafuata mwaka 1958. Katika miaka yote hiyo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado chini ya ukoloni. Kazi zilizopangiwa ilikuwa kutoa mali ghafi, na mali ghafi haikutakiwa kuwa na jina.

Aprili 1994, huko Marrakesh, mataifa yalitia saini mikataba iliyounda Shirika la Biashara Duniani. Tanzania ni mwanachama tangu tarehe 1 Januari 1995. Ndani yake umo mkataba wa haki za ubunifu katika biashara. Kifungu cha 22 kinalinda majina ya asili ya bidhaa zote, lakini kifungu cha 23 kinatoa ulinzi mkali zaidi kwa divai na pombe kali peke yake. Kwa kifungu hicho haramu si kudanganya tu; hata kuandika kwamba divai ni ya aina ya mahali fulani, huku ukitaja wazi nchi ilikotengenezwa, ni kosa. Pamba, kahawa, chai na karafuu hazikupewa kinga hiyo.

Hapa ubeberu unaonekana bila kificho. Waliokuwa na divai waliandika sheria kwa ajili ya divai. Nchi kadhaa zinazoendelea zilidai, hasa tangu mazungumzo ya Doha ya 2001, kwamba ulinzi huo upanuliwe kwa mazao mengine. Kwa miaka mingi mazungumzo hayo yalikwama. Hatuna budi basi kuelewa kwamba hakuna mtu atakayetupa jina. Jina hujengwa nyumbani kwanza, na kutetewa kwa umoja.

III. ZABIBU ZA DODOMA

Divai si kitu kigeni kwa Tanzania. Mapadri Wakatoliki kutoka Italia walipewa eneo la kimisionari la Dodoma katika miaka ya 1930, na mizabibu ikapandwa katika misheni zao, hasa Bihawana, kwa ajili ya divai ya misa. Baadaye kilimo hicho kikatoka ndani ya ua wa misheni kikaingia kwa wananchi na katika shamba la magereza la Isanga. Serikali na TANU zilihimiza zao hili, na kituo cha utafiti kikawekwa Makutupora. Dodoma ina bahati ambayo Toscana haina: kwa ukame na jua lake mzabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka.

Tofauti kubwa na Chianti iko katika ardhi. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi si mezzadro. Hamgawii kabaila nusu ya mavuno. Ukoloni na ukabaila wa ardhi vilikwisha vunjwa, na Azimio la Arusha la 1967 liliweka msimamo wa wazi kuhusu unyonyaji. Kwa swali la kwanza, basi, tumeshinda.

Lakini swali la pili na la tatu yalibaki. Zabibu haingoji. Ikiiva lazima ikamuliwe, na mwenye kiwanda anajua hivyo. Kiwanda cha umma cha divai, DOWICO, kilipodhoofika, mkulima alibaki na matenga mikononi bila mnunuzi, na wengi waliitelekeza mizabibu yao. Miaka ya 2000 viwanda vipya vya watu binafsi vilianzishwa, kikiwemo cha Hombolo kilichofunguliwa na mwekezaji kutoka Italia, na kilimo kikafufuka. Hata hivyo wakulima wengi waliendelea kuuza zabibu mbichi au mchuzi wa zabibu, na kushindana na mchuzi rahisi ulioingizwa kutoka nje na kuwekwa katika chupa zenye sura ya nyumbani.

Katika mapambano hayo sheria zetu za kodi zilifanya jambo la maana. Katika miaka ya 2010 zilitoa nafuu ya ushuru kwa divai yenye zabibu za nchini kwa zaidi ya asilimia 75. Tuangalie vizuri maana yake. Sheria ilikubali kwamba asili ya zao ni thamani, ikaipimia kiwango, ikaipa faida. Bila kutumia maneno makubwa, Tanzania ilikwisha anza kutunga sheria ya asili ya zao. Kilichokosekana ni kwamba nafuu ile humfikia kwanza mwenye kiwanda anayelipa ushuru. Mkulima hufikiwa tu ikiwa ana umoja wa kuidai katika bei.

IV. PAMBA YA NTUZU, MASWA NA MEATU

Tuje sasa Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi, kwa kuunganisha wilaya zilizotoka Shinyanga pamoja na Busega iliyokuwa Mwanza. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na umekuwa mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Lakini pamba yenyewe ni ya zamani kuliko mkoa.

Wajerumani waliileta pamba kwa kiboko. Kusini, mashamba ya pamba ya kulazimishwa yalikuwa mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Usukumani Waingereza walifuata njia nyingine: kodi ya kichwa, watemi waliogeuzwa kuwa mawakala wa serikali, na wafanyabiashara wenye viwanda vya kuchambulia. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilizalisha mbegu zilizostahimili wadudu na magonjwa. Mbegu hizo zilipewa herufi UK, yaani Ukiriguru: UK77, UK82, UK91. Jina la kijiji cha Kisukuma liko katika mbegu ya mamilioni ya ekari, lakini halikuwahi kuwa katika kitambaa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu walihamia kwa wingi mashariki, kuelekea Maswa ya zamani ambayo Bariadi ilikuwa sehemu yake, wakitafuta ardhi mpya. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma wenye makao yake Malya. Wakulima walilazimishwa kutengeneza matuta na kupunguza ng'ombe, na aliyekataa alitozwa faini. Watu walipinga, na mpango ukafa kabla ya ukoloni wenyewe kufa.

Mapambano makubwa zaidi yalikuwa juu ya mizani. Mkulima alitembea na mzigo wake hadi gulioni, karani wa mnunuzi akasoma uzito, na mkulima ambaye hakujua kusoma akapokea alichopewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, walidai wapimaji wao wenyewe wasimame kando ya mizani ya mnunuzi. Dai hilo lilionekana dogo, lakini lilikuwa la kimapinduzi, kwa sababu lilitia jicho la tabaka la wakulima mahali unyonyaji ulipofanyika. Mwaka 1955 vyama hivyo viliandikishwa kama shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria. Kufikia mwishoni mwa muongo ule pamba ya Kanda ya Ziwa ilikuwa inanunuliwa kwa njia ya ushirika, na ushirika ulikuwa unamiliki viwanda vya kuchambulia. Wakati huohuo, tangu 1954 hadi 1958, TANU ilikuwa imepigwa marufuku Usukumani. Ushirika ndio uliobaki kuwa shule ya siasa ya mkulima.

Baada ya Uhuru ushirika ulikua, lakini pia uliugua. Kamati Maalum ya Rais ya mwaka 1966 ilikuta malalamiko ya wizi, uzembe wa makarani na viongozi wasiowajibika kwa wanachama. Mizani iliyonyang'anywa mikono ya wafanyabiashara ilikuwa imeingia katika mikono ya makarani wetu wenyewe. Hapo ndipo lilipotakiwa suluhisho la kuwapa wanachama nguvu zaidi. Mei 1976 likachukuliwa suluhisho lingine: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ununuzi ukawekwa chini ya Mamlaka ya Pamba na vijiji. Urasimu ulipanuka, malipo yakachelewa, na mkulima akapunguza pamba. Sheria mpya ya ushirika ilipitishwa mwaka 1982 na vyama vikuu vikarudi mwaka 1984, ikiwa ni pamoja na SHIRECU iliyohudumia Shinyanga, ambamo Bariadi na Maswa zilikuwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa. Chama kinachojua historia yake hakina sababu ya kuficha jambo hili.

Katika msimu wa 1994/95 soko la pamba lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mwaka uleule mabepari walipokuwa wanatia saini ulinzi wa majina ya divai zao, sisi tulikuwa tunaondoa ulinzi wa pamba yetu. Si kwamba wanunuzi wengi hawakuleta faida. Malipo ya fedha taslimu yalirudi, na mkulima hilo alilipokea kwa furaha. Lakini tazama kilichotokea kwa sifa ya zao. Pamba yetu ilikuwa inajulikana kwa kuchumwa kwa mkono na kuchambuliwa kwa mashine za roli zinazotunza urefu wa nyuzi. Mbegu ziligawiwa kwa kanda ili aina zisichanganyike na ugonjwa wa mnyauko usisambae. Wanunuzi walipoanza kugombea kilo, kanda za mbegu zilivurugika. Pamba safi na fifi zikalipwa bei moja. Pakaanza tabia ya kutia maji, mchanga na hata chumvi ili kuongeza uzito. Tabia hiyo ilikuwa ya wanunuzi wadogo, na ilikuwa pia ya wakulima. Bei ya ziada ambayo pamba ya Tanzania iliwahi kupata ikapungua.

Serikali ilirudisha ununuzi kupitia vyama vya msingi mwaka 2018. Mwaka uliofuata bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo iligongana na kushuka kwa bei ya dunia. Wanunuzi wakasuasua, na wakulima wengi wakakaa muda mrefu wakisubiri fedha zao. Tukio hilo linathibitisha kwamba ushirika peke yake, ukiwa hauna zao lenye sifa ya kipekee, bado ni mateka wa faharasa ya Liverpool.

Lipo pia jaribio la aina nyingine ndani ya Simiyu. Tangu mwaka 1994, wilayani Meatu, wakulima wamelima pamba hai, isiyotumia dawa za viwandani, kwa mkataba na bioRe, kampuni yenye uhusiano na wafanyabiashara wa Uswisi. Pamba hiyo hukaguliwa, hufuatiliwa kutoka shamba hadi vazi, na hulipwa nyongeza juu ya bei ya soko. Meatu imethibitisha kwamba mnunuzi wa mbali yuko tayari kulipa zaidi akijua zao limetoka wapi na limelimwa vipi. Lakini cheti ni cha kampuni, na alama iliyo kwenye nguo ni ya duka la Ulaya. Mkulima amepata nyongeza, jina hajalipata. Siku kampuni itakapoondoka, itaondoka na jina.

V. HOJA MBILI ZA KUJIBIWA

Wapo wasemao kwamba pamba si divai. Kwamba divai ina ladha ya udongo wake, bali nyuzi ni nyuzi tu. Hoja hii haina nguvu. Misri imeuza pamba yake kwa jina lake kwa vizazi, na duka lolote la mashuka duniani linajua jina hilo. Urefu wa nyuzi, usafi, namna ya kuchuma na namna ya kuchambua hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Meatu wenyewe wamethibitisha kwamba hata namna ya kulima inaweza kuuzwa. Pamba yetu haikukosa sifa. Ilikosa mwenye kuitunza sifa hiyo na kuitangaza.

Wapo pia wasemao kwamba kudai jina la mkoa ni ukabila au umajimbo. Hoja hii ni ya kupimwa kwa makini. Ni kweli kwamba mbegu iliyopandwa Bariadi ndiyo iliyopandwa Kwimba na Kishapu, na mkulima wa huko hapaswi kunyimwa haki kwa sababu mstari wa mkoa uliochorwa mwaka 2012 umepita nyuma ya boma lake. Lakini jibu si kuacha kuchora mpaka. Jibu ni kuuchora kwa kufuata kanda za mbegu, udongo na viwanda vya kuchambulia, na kuwashirikisha wakulima wenyewe pamoja na wataalamu wa Ukiriguru. Chianti ya 1932 inatuonya: mpaka ukichorwa na wafanyabiashara, utapanuka kila wanapohitaji kilo zaidi.

VI. KAZI ILIYO MBELE YETU

Historia hizi tatu zinatuachia hitimisho moja. Chianti ilikuwa na jina bila haki, na wakulima wakaondoka. Dodoma ina ardhi na zao bora, lakini viwanda na chupa viko mikononi mwa wengine. Simiyu ilipigania mizani ikaishinda, ikaipoteza, ikairudisha nusunusu, na jina haijaligusa. Jina bila ushirika humtajirisha mfanyabiashara. Ushirika bila nidhamu ya ubora huua jina. Vyote viwili lazima viende pamoja.

Kwanza, kazi inaanzia gulioni. Pamba safi na fifi zitengwe na zilipwe bei tofauti, na tofauti hiyo ionekane mkononi mwa mkulima siku hiyohiyo. Hakuna mhadhara utakaomshawishi mkulima kutenga pamba ikiwa jirani yake aliyetia mchanga analipwa sawa naye. Kada wa Chama aliye katika tawi hana budi kusimama kando ya mizani kama walivyosimama wapimaji wa miaka ya 1950, na kukemea wizi wa karani na udanganyifu wa mkulima kwa sauti ileile.

Pili, kanda za mbegu zirudishwe na kuheshimiwa. Bila mbegu moja hakuna sifa moja, na bila sifa moja hakuna jina la kulinda.

Tatu, jina liwe mali ya umoja wa vyama vya msingi vya wakulima, lisiandikishwe kwa jina la kampuni wala la mtu. Zanzibar ilitunga mwaka 2008 sheria ya mali za viwanda yenye kutambua majina ya asili. Kwa upande wa Bara, kwa miongo mingi tulitegemea sheria ya alama za biashara ya mwaka 1986, iliyotungwa kwa kumfikiria zaidi mfanyabiashara na alama yake. Jina la mahali ni mali ya wote wanaolima mahali hapo, pamoja na watakaozaliwa. Sheria inayolilinda sharti ifuate msingi huo wa ujamaa.

Nne, jina lisiishie kwenye robota. Katika miaka ya 2010 Simiyu ilifuata mpango wa wilaya moja, bidhaa moja, kiwanda kimoja. Chaki za Maswa na maziwa ya Meatu vikauzwa kwa majina ya kwao. Watu wakacheka kwamba chaki ni kitu kidogo. Lakini kijana wa Maswa aliyeandika jina la wilaya yake juu ya boksi la chaki alifanya jambo ambalo pamba, yenye historia ya zaidi ya miaka mia moja, haijafanyiwa. Nyuzi zikisokotwa na kufumwa karibu na shamba, jina litakwenda na kitambaa, na kazi itabaki kwa vijana wetu.

Wakulima wa Toscana walipata haki ya ardhi wakati nyumba zao zilikuwa zimekwisha kuwa tupu. Vijana wa Bariadi, Itilima na Meatu bado wako mashambani, lakini hawatangoja milele zao ambalo kila msimu hupangiwa bei na watu wasioliona. Kuwapa mizani ya kweli, na jina lililo lao, ni wajibu wa ushirika na wa Chama kinachouongoza, na wajibu huo una muda wake.